Herufi za Garamont Katika Fonti Nyumbufu: Kilichoongezwa na Kilichoachwa

Msomaji wa kamusi hasomi kama asomavyo msomaji wa hadithi. Huyu wa hadithi huketi akafuata mstari baada ya mstari, na jicho lake likishazoea herufi huzisahau. Yule wa kamusi huja na neno moja tu kichwani mwake, hushuka mbio katika safu nyembamba ya herufi ndogo ndogo, huliona neno lake katika wino mzito, hutupia jicho kifupisho cha aina ya neno katika herufi za mlazo, hutwaa maana, kisha hufunga kitabu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na macho kabla akili haijaulizwa lolote. Kwa hiyo tofauti baina ya herufi nzito, herufi ya kawaida na herufi ya mlazo katika kamusi haikuwekwa kwa ajili ya uzuri. Inabeba taarifa, kama vile kiambishi kinavyobeba taarifa katika kitenzi.

Sisi wanaisimu tumelipita jambo hili kimya. Tangu Kamati ya Lugha ilipoanza kazi yake mwaka 1930, hoja za tahajia zimejadiliwa, na mipaka ya maneno, na istilahi. Lakini umbo la herufi tumewaachia wapiga chapa, nao wapiga chapa siku hizi wamewaachia wanaoandika programu za kompyuta. Katika makala haya nataka kuchunguza kazi moja ya hao wa mwisho, nayo ni kugeuzwa kwa fonti iitwayo EB Garamond kuwa fonti nyumbufu. Nimeichagua kwa sababu mbili. Ni fonti huria, ambayo yeyote asiye na fedha ya kununulia fonti aweza kuitwaa, kuitumia na hata kuirekebisha. Na ni fonti ya asili bora, ambayo mtu akiitia doa, doa huonekana. Nakiri pia sababu ya tatu, ya kibinafsi: nimekuwa nikiitumia kupangia orodha za msamiati kwa ajili ya wanafunzi wangu, na kwa muda mrefu sikuelewa kwa nini kurasa zangu zilichosha macho.

Kwanza neno lenyewe. Fonti ya kawaida ni mkusanyo wa maumbo yaliyokwisha gandishwa: faili moja kwa herufi za kawaida, jingine kwa herufi nzito, jingine tena kwa zilizo nzito zaidi. Fonti ninayoiita nyumbufu ni faili moja lenye michoro michache ya msingi, pamoja na kanuni za kuzalisha maumbo yote yaliyo kati yake. Mtumiaji hachagui tena baina ya kawaida na nzito. Husogeza kipimo kama asogezavyo mtu utambi wa taa, akasimama popote apendapo. Nimelitwaa neno nyumbufu katika mnyumbuliko wa kitenzi, maana shina moja lazaa pigia, pigana na pigisha bila kila umbo kuhitaji kidahizo chake. Mfano huu una mpaka wake, nami nitaurejea.

Mbinu hii ilitangazwa mjini Warsaw tarehe 14 Septemba 2016, na kampuni nne kwa pamoja: Adobe, Apple, Google na Microsoft. Hata hivyo si ugeni mtupu. Adobe walikuwa na fonti zao za Multiple Master tangu mwaka 1991, na Apple walikuwa na TrueType GX katika miaka ile ile ya 1990. Zote mbili ziliachwa, ingawa fonti nyumbufu za leo zimerithi mengi kutoka kwao.

Sasa tuitazame fonti yenyewe. Herufi E na B katika jina lake zasimama mahali pa Egenolff na Berner. Mwaka 1592, katika mji wa Frankfurt, Conrad Berner, aliyekuwa akiendesha kiwanda cha herufi kilichokuwa cha akina Egenolff, alitoa karatasi kubwa ya sampuli za herufi alizokuwa akiuza. Ndani yake zimo herufi za kusimama za Claude Garamont, mchonga herufi wa Paris aliyefariki mwaka 1561, na herufi za mlazo za Robert Granjon. Karatasi hiyo ina thamani isiyo ya kawaida, kwa sababu yawataja wachongaji kwa majina. Mtu aweza kudhani hilo ni dogo. Lakini mwaka 1926 Beatrice Warde, akiandika kwa jina la Paul Beaujon, alionyesha kwamba herufi nyingi zilizokuwa zikiuzwa kwa jina la Garamond zilitokana na kazi ya mtu mwingine, Jean Jannon, aliyechonga zake katika karne ya 17. Wenzetu wanaohakiki miswada ya tenzi watazijua aibu za namna hiyo.

Georg Duffner ndiye aliyeianza EB Garamond, na umma uliipata mwaka 2011. Hakufuata mtindo wa jumla wa Garamond. Alifuata karatasi ya Berner. Na jambo ambalo naomba msomaji alishike ni hili: hakutoa mchoro mmoja wa kupanuliwa na kupunguzwa kwa kila haja. Alitoa vimo viwili, kimoja cha kusomwa kwa ukubwa wa pointi 8 na kingine cha pointi 12, akaviita hivyo, EB Garamond 08 na EB Garamond 12. Baadaye Octavio Pardo aliitwaa kazi hiyo, kama leseni ilivyomruhusu, akaijengea ngazi za unene tangu 400, ambayo ni herufi ya kawaida, hadi 800, ambayo ni nzito sana. Tangazo la haki la toleo lake lina mwaka 2017, nalo ndilo lililoenea kupitia Google Fonts na ndilo lililo nyumbufu. Faili zake ni mbili, moja la herufi za kusimama na moja la mlazo, na kila moja lina mhimili mmoja tu wa kunyumbulika: unene.

Ili kuipima kazi hii kwa haki, yafaa kujua ilivyo ngumu. Kompyuta haiwezi kupata umbo la kati isipokuwa michoro miwili ya mwisho ikubaliane nukta kwa nukta. Ikiwa a ya kawaida ina mizunguko miwili, wa nje na wa tumboni, na nukta thelathini, basi a nzito sharti iwe na mizunguko miwili na nukta thelathini, kwa mfuatano ule ule, zikianza kuhesabiwa mahali pale pale. Nukta ya saba ya huku yaendea nukta ya saba ya huko kwa njia iliyonyooka. Tuseme shina la herufi l lina upana wa vipimo 80 kwenye 400, na 160 kwenye 800. Kwenye 600 litakuwa na 120. Hesabu ni ya mtoto wa shule. Lakini mfuatano wa nukta ukikosewa katika mchoro mmoja, herufi ya kati hujikunja kama nguo inayokamuliwa. Aidha, mistari ya mviringo ambayo mchoraji huichora kwa namna moja ya hesabu sharti igeuzwe kuwa ya namna nyingine ili faili la TrueType liikubali, na ugeuzaji huo huongeza nukta. Basi michoro yote hugeuzwa kwa pamoja, ili nukta zilizoongezwa huku ziongezwe na huko. Programu iitwayo fontmake yafanya kazi hiyo. Kisha kuna nafasi baina ya jozi za herufi, ambazo nazo hubadilika kadiri herufi zinavyonenepa.

Kwa mtu anayefuata karatasi ya kale, masharti haya yana gharama. Chapa ya mwaka 1592 haina mistari minyoofu kabisa. Ina vibonyeo vya chuma, vya wino na vya karatasi, na kila kibonyeo anachokihifadhi mchoraji ni nukta zaidi. Sasa kila nukta yataka mwenzake katika herufi nzito. Nao huyo mwenzake atatoka wapi? Garamont hakuchonga herufi nzito. Hakuna aliyechonga herufi nzito za kuandamana na za kawaida katika zama zake. Desturi hiyo ni ya karne ya 19, na aina ijulikanayo kuliko zote za mwanzo, Clarendon, ilitolewa na Robert Besley mjini London mwaka 1845. Mtunga kamusi wa kabla ya hapo alitumia njia nyingine: Samuel Johnson, mwaka 1755, aliweka vidahizo vyake kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo ncha moja ya mhimili wa Pardo imesimama juu ya ushahidi, na ncha ya pili imesimama juu ya busara yake mwenyewe. Sisemi haya kumlaumu. Naona alifanya vema. Herufi nzito ya EB Garamond yafanana na jamaa yake ya kawaida kuliko nilivyotarajia: haikunyooshwa, mteremko wa kalamu wabaki katika o na katika e, na ule ukavu wa herufi nzito zilizotiwa unene na kompyuta bila kuchorwa haumo. Mtunga kamusi ambaye zamani angelazimika kuazima herufi nzito za ukoo mwingine, sasa anazo za nyumbani. Na kwa kuwa mhimili ni mnyumbufu, aweza kuchagua kidahizo cha 650 ikiwa 700 chapiga kelele mno kwenye karatasi yake. Kwa mtu asomaye kwenye simu, tena kwa bando la kuhesabu, faili mbili mahali pa kumi ni nafuu nyingine. Kitabu cha karatasi hakihitaji nafuu hiyo.

Sasa nirudi kwenye mfano wa kitenzi na mpaka wake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hujua kwamba kitenzi kuja, katika kuamrisha, hakitoi ja bali njoo. Hakuna kanuni ya kunyumbua itakayomfikisha mtu toka ja hadi njoo. Ni mashina mawili yanayoshirikiana kazi. Herufi nazo zina njoo zao. Alama ya dola ina mstari unaoipasua katikati. Ikinenepeshwa sana, mstari huo hauna mahali pa kupita, na wachoraji huukata ukabaki kichwani na miguuni tu. Hakuna umbo la kati baina ya mstari uliopo na mstari uliokatwa. Basi fonti nyumbufu zimepewa kanuni ya kubadilisha mchoro mzima pindi unene unapovuka kiwango fulani. Vivyo hivyo Pardo hakujaribu kuunganisha herufi za kusimama na za mlazo kwa mhimili mmoja, wala hakupaswa kujaribu: za kwanza ni za Garamont, za pili ni za Granjon, na a ya mmoja haikuzaliwa na a ya mwingine.

Swali hili lilikwisha jadiliwa kwa undani kabla ya fonti nyumbufu kuwapo. Mwaka 1982, katika jarida la Visible Language, Donald Knuth alieleza wazo la fonti iliyo juu ya fonti, ambayo kwa kubadilisha vipimo kadhaa huzaa nyingine zisizo na idadi. Alipanga Zaburi ya 23 kwa herufi zinazobadilika kidogo kidogo toka mwanzo hadi mwisho, zikianza kwa sura ya kizamani na kumalizia kwa sura ya kisasa. Katika jarida lilo hilo, mwaka uo huo, Douglas Hofstadter alimjibu kwamba hakuna idadi ya vipimo itakayoweza kuzizaa A zote ambazo mtu angezitambua kuwa ni A. Nadhani Hofstadter alisema kweli kuhusu A, ila mtunga kamusi hahitaji A zote. Ahitaji chache zilizochaguliwa vizuri. Swali lake ni dogo zaidi na, kwa kadiri yangu, zito zaidi: ni nani aliyechagua mihimili, na kwa kufikiria kazi ipi?

Hapa ndipo lawama yangu inapoanzia. Kati ya mabadiliko yote ambayo herufi za Garamont zilipata kuwa nayo kwa kweli, lililo kubwa ni la kimo. Katika chapa ya risasi kila ukubwa ulichongwa peke yake kwa mkono. Mchongaji alipochonga herufi ndogo alijua kwamba wino utatambaa na jicho litapungukiwa, basi aliifanya pana zaidi kwa uwiano wake, akainua mwili wa herufi kama a na e, akanenepesha mistari myembamba, akaacha nafasi kubwa zaidi baina ya herufi. Harry Carter aliyaeleza haya mwaka 1937 katika makala ambayo bado yanasomwa na wanaofundisha fani hii. Desturi ilianza kulegea pale mashine ya Linn Boyd Benton, ya miaka ya 1880, ilipowezesha kuchonga ukubwa mwingi kutoka katika mchoro mmoja; ikafa kabisa katika sehemu nyingi wakati wa chapa ya picha, ambapo filamu moja ilikuzwa na kupunguzwa kwa lenzi.

Duffner, mtu aliyefanya kazi na kompyuta, aliifufua desturi hiyo kwa vimo vyake viwili. Na toleo nyumbufu limeizika tena. Lilijengwa juu ya kimo cha 12 peke yake. Jina la hazina ya michoro ya Pardo lasema hivyo waziwazi, EBGaramond12. Kimo cha 8 hakimo ndani ya faili. Tumepewa mhimili ambao Garamont hakuwa nao, tukanyang'anywa ule aliokuwa nao. Wala haiwezekani kusema kwamba teknolojia ilizuia: Minion ya Multiple Master, mwaka 1992, ilikuwa na mihimili mitatu, unene, upana na kimo, na miongoni mwa mihimili iliyosajiliwa rasmi katika fonti nyumbufu, kimo kimo tangu mwanzo.

Mtu atauliza kama tofauti hiyo yaonekana. Nilipiga chapa ukurasa mmoja wa orodha yangu ya msamiati mara tatu, kwa pointi 8: kwanza kwa toleo nyumbufu kwenye 400, pili kwa toleo hilo hilo kwenye 500, na tatu kwa EB Garamond 08 ya Duffner. Katika chapa ya kwanza ukurasa ulikuwa wa kijivu na uliolegea. Mistari myembamba ilikuwa karibu kutoweka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwapa wanafunzi wangu. Katika chapa ya pili nilifanya wafanyavyo wengi, nikaongeza unene kidogo ili kufidia udogo. Ukurasa ulikoza, lakini haukusomeka vizuri zaidi, na sababu yake yafaa kutajwa. Garamond yajulikana kwa jicho dogo la e na tumbo dogo la a. Unapoongeza unene, wino waingia ndani ya tumbo hilo pia. Kiswahili hakina herufi itumikayo kuliko a. Basi kila silaba ya tatu au ya nne ilikuwa na doa jeusi dogo mahali palipopaswa kuwa na nafasi nyeupe. Chapa ya tatu, ya kimo cha 8, ilichukua mahali zaidi kidogo katika mstari, na ndiyo pekee niliyoweza kuisoma usiku bila kuisogeza taa.

Unene na kimo, kwa hiyo, si vipimo viwili vya jambo moja. Unene hujaza, kimo hufungua. Anayempa mtunga kamusi wa kwanza bila wa pili amempa dawa ya ugonjwa mwingine.

Lugha yetu yaongeza mtihani mwingine ambao wachoraji wa Ulaya hawakuufikiria, wala sioni kwa nini wangeufikiria. Kilatini cha Garamont hakina w, na k hutokea kwa nadra. Kifaransa nacho huzitumia hizo mbili karibu katika maneno ya kigeni tu. Kwa hiyo herufi ambazo karatasi za kale zatupa ushahidi haba kuliko zote ni zile ambazo Kiswahili huzilemea kila mstari. Chukua sentensi hii: wakwe wa kaka waliwakuta wakulima wakiwa kwenye kilima. Nimeichonga kwa makusudi, na sidai kwamba watu huzungumza hivyo; lakini hakuna kosa la sarufi ndani yake, na kati ya herufi zake 47, tisa ni w na nane ni k. Sasa w ina mistari minne ya mshazari inayokutana katika pembe kali, na k ina mishazari miwili inayoangukia shina. Pembe hizo ndizo za kwanza kuziba herufi inaponenepa. Mchoraji mwangalifu huipunguza mistari karibu na makutano, na huipunguza zaidi katika herufi nzito kuliko katika ya kawaida. Hilo ni sharti alichore, maana halipatikani kwa kuvuta nukta tu. Yeyote atakayepima fonti kwa ajili ya kamusi ya Kiswahili na aanze na neno kwa, kwa uzito wa kidahizo, kwa pointi 8. Maneno ya Kiingereza ambayo wauzaji wa fonti hutuonyesha hayatamfaa.

Kitu cha pili cha kupima ni ng'. Herufi g ya Garamond ina sikio dogo linalotokeza juu kuelekea kulia, mahali pale pale ambapo ritifaa ya ng'ombe na ng'amua yapaswa kukaa. Katika lugha za Ulaya ya magharibi g kufuatwa na ritifaa ni ajali, na nafasi ya jozi hiyo yaweza kusahauliwa. Kwetu ni fonimu. Sikio hunenepa, ritifaa hunenepa, na upenyo ulio kati yao hupungua toka pande mbili kwa pamoja. Ndiyo sababu nafasi ya jozi hii sharti nayo inyumbulike pamoja na unene. Ukiongeza kwamba programu nyingi za kuandikia huweka ritifaa iliyonyooka mahali pamoja na iliyopinda mahali pengine, katika ukurasa ule ule, utaona kwamba fonimu moja yaweza kuonekana kwa sura mbili ndani ya ingizo moja la kamusi. Kosa hilo la mwisho ni letu, halihusu mchoraji.

Mwenzangu mmoja aliyesoma rasimu ya makala haya aliniambia niachane na Garamond, nitumie fonti huria zilizokuja na mhimili wa kimo. Shauri lake ni jema. Source Serif 4 ya mwaka 2021, iliyochorwa na Frank Grießhammer, ina mhimili huo toka pointi 8 hadi 60, na Literata ya TypeTogether inao toka 7 hadi 72. Programu yenye kuelewa huchagua kimo yenyewe kwa kufuata ukubwa wa maandishi. Nimezijaribu zote mbili na orodha yangu sasa imepangwa kwa Literata. Lakini hizo zilichorwa na watu waliotaka mhimili huo tangu awali. Hoja yangu ni juu ya kugeuza, yaani ni nini kinachovuka na ni nini kinachobaki ng'ambo pale kazi ya mtu mmoja inapotiwa katika chombo kipya na mtu mwingine. Na katika suala hilo EB Garamond yatufundisha zaidi, kwa sababu kilichoachwa bado kipo. Michoro ya kimo cha 8 haikupotea. Leseni ya SIL, ambayo fonti hii iko chini yake, yamruhusu yeyote kuitwaa, kuirekebisha na kuitoa tena, ilimradi aitoe kwa leseni ile ile.

Kinachohitajiwa ni kazi. Fonti yenye mhimili wa unene na wa kimo ni kama uwanja wenye pembe nne: kawaida ya 12, nzito ya 12, kawaida ya 8, nzito ya 8, kisha pembe nne nyingine kwa herufi za mlazo. Katika herufi za kusimama, pembe mbili za kwanza zimo katika toleo la Pardo. Ya tatu imo katika kazi ya Duffner, ingawa kimo kilichochorwa peke yake hakitarajiwi kukubaliana nukta kwa nukta na kingine, na huenda kila herufi ikahitaji kupangwa upya. Pembe ya nne, herufi nzito ya kimo cha 8, ndiyo itakayosumbua, maana hapo hapana karatasi ya kale wala mchoro wa Pardo wa kufuata.

Faili linaweza kutengenezwa bila pembe hiyo. Kanuni za fonti nyumbufu zasema kwamba pembe isipochorwa, kompyuta huchukua badiliko la unene, huchukua badiliko la kimo, huyajumlisha, na jumla hiyo ndiyo umbo. Kwa herufi kama l au i hapatakuwa na madhara makubwa. Lakini kimo kidogo tayari kimekwisha nenepesha mistari myembamba, na unene utainenepesha mara ya pili. Katika w, ambako mishazari minne haina mahali pa kukimbilia, pembe zitaziba. Na herufi nzito ya pointi 8 ndiyo herufi ya kidahizo. Yeyote atakayeichukua kazi hii, ikiwa muda wake wamtosha kuchora pembe moja tu kwa mkono, namwomba aanze na hiyo, na katika pembe hiyo aanze na a, k, w na g yenye ritifaa.